Kofia Hospitalini, Mashine Chuoni

Katika historia ya sayansi, kichwa changu kitakumbukwa kama mahali ambapo Chuo Kikuu na Hospitali vilikutana. Nakitoa kwa unyenyekevu.

Nilikuwa nimeanguka darasani, nikatetemeka, nikajiuma ulimi. Abbé Faustin, padri mkuu wa bweni letu, ananijua: kila Jumamosi ya usafi huwa napata malaria. Akanifukuza mpaka madaktari wathibitishe kwamba naumwa kweli. Mtihani wa mwisho wa sekondari ulikuwa unakaribia. Bila uthibitisho huo ningebaki nyumbani Yanonge, nikiuza samaki na mjomba wangu, tonton Eddy.

Mashine ya kupima mawimbi ya ubongo ililetwa na ushirikiano wa watafiti wa chuo na madaktari wa hospitali. Ili asiwepo wa kumdharau mwenzake, waligawana: chuo kikatunza mashine, hospitali ikatunza kofia yenye nyaya. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa siku ya mkutano tu, na mkutano hauendi bila hotuba.

Siku yangu ilipofika, nilivishwa kofia mbele ya ukumbi mzima. Profesa Nzanzu wa chuo alisalimia wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Daktari Chimène wa hospitali akawasalimia upya, kwa kuwa yeye alitajwa baada ya mkuu wa maktaba. Kisha wakabishana nani atabonyeza kitufe. Fundi alikuwa ameshanong'ona kwamba mafuta ya jenereta yanakaribia kuisha.

Nikaamua kuisaidia sayansi. Nilianguka kwa heshima zote, nikatetemeka, nikatoa na povu kidogo.

Wote wawili wakakirukia kitufe. Mashine ikaanza kuchora mistari, Profesa akaisoma kwa furaha.

"Bon, mutoto huyu iko anacheza tu," akasema. "Hapa hakuna kifafa, ni misuli."

Abbé Faustin, aliyekuja kushuhudia, alikuwa ameshasimama kuondoka. Povu likanikauka mdomoni. Daktari Chimène hakubisha; aliniamuru nilale kimya, akaiacha mashine iendelee. Nikalala kama maiti mwenye nidhamu.

"Professeur, angalia sasa," akasema baadaye. "Ametulia, na mawimbi yanaruka yenyewe. Hiyo hakuna mutoto anaweza kuigiza."

Profesa akavaa miwani, akatangaza kwamba chuo kilikuwa kimeshayaona, kikawa kinangoja tu hospitali iyaone. Wakatia saini karatasi moja: mgonjwa kweli, mwigizaji kweli.

"Alors, Jeancy, unarudi," Abbé akaniambia. "Dawa utameza mbele yangu kila siku. Na kwa ile ya kuanguka uongo, utachimba mufereji wa bweni."

Nikamkumbusha kwamba mwenye kifafa hapaswi kuchoshwa juani. Akaenda kuuliza. Profesa akajibu kwamba hilo ni la hospitali. Daktari akajibu kwamba hilo linahitaji utafiti. Wakakubaliana kuitisha mkutano.

Mkutano bado haujaitishwa. Mfereji wangu, kwa upande wake, umeshavuka jikoni.