Miji ya Epifania

Jumanne moja ya mwaka sabini na sita, maharage yakiwa yamekwisha kung'olewa, Epifania alikula matonge matatu ya ugali wa muhogo akashiba. La nne alilishika mkononi mpaka likapoa. Wifi yake Uwimana, ambaye walikimbia naye kutoka Burundi hadi Kibondo miaka minne nyuma, kila mmoja na sufuria kichwani, akamtazama ubavu wa kushoto uliotuna chini ya kanga.

"Wifi, kaka yangu yuko kaburini. Tumbo hilo umelipata wapi?"

"Nimelichuma shambani kwako," akasema Epifania, wakacheka. Lakini tonge la nne hakulila.

Jioni majirani walikusanyika kupukuchua maharage, na kama kawaida mikono ikifanya kazi mdomo haukai bure. Zamu ya Epifania ikafika.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu hana mkeka, anakula kabla yangu, na tumbo linalotuna ni langu."

Wakasema mimba. Wakasema minyoo. Mmoja akasema mume mlevi. Yote akayakataa.

"Haya, nipeni mji."

"Chukua Buhigwe," akasema Uwimana.

Kwa desturi, aliyepewa mji huusifia kidogo, alivyofika huko na alivyokirimiwa, kisha hutoa jibu. Epifania alifungua mdomo akakuta jibu hana. Na mji ameshaupokea. Kulipokucha ubavu wake ulikuwa umeongezeka vidole viwili, na Uwimana alipoweka sikio alisikia jogoo, kengele ya baiskeli, na mtu akikohoa.

"Ni binamu yangu wa Buhigwe," akasema Uwimana. "Kifua hakijapona." Akachukua ndoo akaenda mtoni.

Epifania hakuwa mwizi. Mji uliochukuliwa bila jibu ni sawa na kuku wa jirani aliyejiingiza mwenyewe chunguni. Akaenda zahanati kulitafuta jibu. Mganga Sylvesta alisema ni malaria, maana malaria nayo huvimbisha bandama, akampa klorokwini. Mara ya tatu alipomwona anatoka jasho kivulini, mikono imebaki mifupa, akaweka kalamu chini.

"Mama, nimeshindwa. Chukua Kakonko."

Akampa na barua ya kwenda hospitali Kasulu. Kakonko ilikuwa nzito kuliko Buhigwe. Njiani Epifania alipumzika mara nne. Makarius, karani wa vibali vya wakimbizi, alimgongea muhuri wa siku saba.

Daktari wa Kasulu alimwekea kipimo ubavuni, akasikia mnada wa ng'ombe, akakisogeza pembeni, akaendelea kuandika. Kisha akavuta damu, akaisimamisha dirishani kwenye kichupa. Ilipotulia, juu ya wekundu palikaa tabaka jeupe, nene kama maziwa.

"Kwa mtu mwenye afya pangekuwa na uzi mwembamba tu," akasema. "Chembe hizi nyeupe ni askari wa mwili, mama. Ugonjwa ukija huitwa, ukiondoka hutawanyika. Wako wanazaliwa bila kuitwa, ndani ya mifupa, kwenye uboho, na hawakomi. Wamejaa kwenye damu, wamejaa kwenye bandama, nalo linabana tumbo la chakula. Ndiyo maana matonge matatu yanatosha."

"Askari wote hao, na bado nadhoofu?"

"Wengi hawajui kulinda. Wanakula posho tu. Ni saratani ya damu, ile ya mwendo wa polepole."

"Polepole mpaka lini?"

"Miaka mitatu, pengine minne. Kisha siku moja inaanza kukimbia." Akafunika kalamu. "Kuna vidonge vya kuwapunguza. Haviponyi, ila vinampa mtu nafasi. Viko Dar es Salaam."

Epifania alirudi akamweleza wifi yake jibu lote, mpaka askari na posho yao.

"Basi miji ni yako kwa haki," akasema Uwimana.

Ndivyo mwanamke aliyelima shamba la kuazima alivyokuwa na miji miwili.

Alipokwenda kuomba kibali cha Dar es Salaam, Makarius alisoma barua ya daktari mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Mkimbizi havuki mkoa, shangazi, mpaka ruhusa itoke Dar es Salaam. Nitaandika."

Aliandika. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Kila mwezi Epifania alikuja akakaa kwenye kile kiti, kila mara akikijaza zaidi upande wa kushoto na kukipunguza upande wa kulia. Siku moja akasema:

"Kitendawili."

"Tega, shangazi."

"Dawa iko Dar es Salaam. Ruhusa ya kuifuata iko Dar es Salaam. Mgonjwa yuko Kibondo. Afikeje?"

Makarius aliwaza mpaka chai yake ikapoa. Alitazama kwenye faili, akatazama darini.

"Sina jibu. Chukua Dar es Salaam."

Ikaingia yote. Uwimana aliposikiliza alisikia honi za meli, magari, na chini kidogo ya mbavu, wodi. Nesi alikuwa akiita majina. Vidonge vilisikika vikicheza ndani ya chupa, kwenye rafu, umbali wa kiganja kutoka kwenye ngozi.

"Mawe!" akasema, akimwita mama yake kwa Kirundi. "Viko hapa hapa, wifi. Mkono ndio haupiti."

Masika ya mwaka sabini na tisa askari walianza kukimbia, kama daktari alivyosema. Epifania alitoka damu kwenye fizi, akaacha hata matonge mawili, na Alhamisi akafariki. Mwili ulikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, lakini waliobeba walipokezana mara sita, kwa sababu ya miji.

Baada ya siku arobaini Uwimana alikwenda kung'oa magugu kaburini. Akainama, akaweka sikio. Ile barua ya Makarius ilikuwa imefika Dar es Salaam.

"Epifania!" nesi aliita. "Epifania yupo?"

"Yupo," akajibu Uwimana, akaendelea na magugu.

Mwezi uleule mzee Ntirampeba, mkimbizi mwenzao, alimpeleka mkewe kwa Makarius, na barua ya daktari, kuomba kibali cha kwenda Dar es Salaam. Makarius aliwapa viti. Akafungua faili, akalipitishia kidole mpaka chini.

"Huo mji, mzee wangu," akasema, "nilishautoa."