Chupa ya Mutanu

Kwa Wakamba, mtoto akipewa jina lako si mjukuu tu, ni wewe umezaliwa tena. Mutanu mkubwa aliliamini jambo hilo kupita kiasi. Tangu Kasiva, mke wa mwanawe, ajifungue binti na kumpa jina lake, bibi huyu alipanda na kushuka vilima vya Mbooni akiwatania majirani, "Nina miezi mitatu, na bado mnanisalimia kama mzee!"

Mutanu mdogo alizaliwa na ugonjwa wa kurithi. Mwili wake ulishindwa kuvunja sehemu fulani ya protini, nayo ikizidi kwenye damu huharibu ubongo. Kaka yake Mbithi ana ugonjwa uo huo, ila wake uligunduliwa kwa kuchelewa. Sasa ana miaka sita na maneno yake hayafiki kumi. Ndiyo maana dada mtu alipimwa mapema. Nzilani, mtaalamu wa lishe hospitalini, akatoa sheria moja: kwanza amalize chupa ya maziwa maalumu ya kopo, yasiyo na sehemu hiyo, ndipo anyonye ashibe, maana maziwa ya mama yanayo. Kunyonyesha huko ndiko kulikokuwa raha ya Kasiva kuliko zote.

Maziwa ya kopo yalinuka, tusidanganyane. Yalinuka kama kabichi iliyolala.

Mwezi wa tatu, kipimo cha damu kikapanda. "Tukipima tena tupate bado iko juu, itabidi tusimamishe titi kwanza," Nzilani akasema.

Kasiva alifika nyumbani akaketi jikoni akalia waziwazi. Kila chupa aliipima kwa mkono wake. Kila alipokwenda kuvuna maharagwe, alimwachia mama mkwe chupa ile pamoja na kikombe cha maziwa aliyojikamua, na aliporudi alikuta vyote vitupu.

"Mwaitu, mama yangu, nimekosea wapi?"

Mama mkwe akaweka kikombe cha chai chini, polepole.

"Si wewe. Hiyo ya chupa nimekuwa nikikunywa mimi."

"Wewe?"

"Kwa chai. Mtoto anakunja uso, namwonea huruma. Nikasema, si huyu ni mimi? Nikikunywa mimi, amekunywa. Halafu nampatia ile yako, anamaliza yote."

Kasiva hakujua acheke au apige nduru. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, lakini mkwe hagombezwi. Akageuka tu akamtazama Mbithi, aliyekuwa akipanga magunzi mlangoni kimyakimya. Bibi naye akatazama. Akainuka akaimwaga chai yake.

Tangu siku hiyo chupa ikawa kazi yake, na ole wake mgeni aliyemsemesha kabla haijaisha.

Wiki tatu baadaye simu ikalia wakiwa uani.

"Imeshuka vizuri sana," Nzilani akasema. "Mama, wewe endelea kunyonyesha."

Kasiva akapiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Akanyoosha mikono amchukue bintiye, vifungo vya blauzi tayari vimefunguka.

"Wee, ngoja!" Mama mkwe akamgeuzia mgongo, mtoto kifuani. "Hajamaliza."

Mutanu mdogo akakunja uso. Bibi hakulegeza chupa.

"Kunywa, mama. Akili yangu imeshafanya kazi yake. Yako ndiyo tunajenga."

Kasiva akaketi kando yao akangoja, maziwa yakimlowesha blauzi, na hakuwa na haraka yoyote.