Sabufa ya Nyuzi Nne

Mama Pindo aliingia dukani amekunja uso, kama anavyoingia maduka yote. Fundi cherehani wa miaka mingi haendi kununua kitu huku anachekacheka. Ukicheka tu, umeshauziwa kilichokaa sana. Nyuma yake alifuata mkwe wake, fundi bomba, mume wa binti yake wa pekee.

"Nataka sabufa," akamwambia binti aliyekuwa anauza. "Ile yenye amplifaya yake humo humo ndani, unachomeka ukutani basi. Na usinipe ya makelele. Makelele ninayo nyumbani."

Uongo mtupu! Nyumbani kwake makelele yalikuwa yamekwisha kitambo, na hilo ndilo lililomtoa huko.

Mumewe watu walimwita Nyuzi Nne, kwa sababu ya gitaa la besi alilopiga kwenye bendi ya dansi tangu ujana wake. Halafu masikio yakaanza kuziba, kidogo kidogo. Zilitangulia kupotea sauti za watoto, ikafuata ya mkewe, mwisho zikapotea zote. Daktari alimpa vidude vya kuvaa sikioni. Vikamletea mvumo usioisha, akavitia kwenye droo. Gitaa akalitundika. Kwa marafiki akaacha kwenda, maana alichoka kucheka vichekesho ambavyo hakuvisikia. Na mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe huogopa kuitoa, asije akapayuka. Basi akaacha na kusema. Kwa upande wake Mama Pindo alichoka kurudia neno moja mara tatu. Akaanza kuonyesha kwa kidole: chakula hiki, maji ya kuoga yale. Hawakugombana, la hasha. Waliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana, na mwanamke yule aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, kwamba mumewe anamtoka huku amekaa kwenye kiti kilekile.

Mpaka siku moja lori kubwa likapita barabarani, na mzee akainua kichwa. Akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti. "Lori," akasema. Siku ile hakusema lingine. Lakini mkewe alishajipigia hesabu zake: mtu anayeshika mtetemo wa lori, besi itamshindaje?

"Mama, tazama hii," mkwe akasema, macho yamemtoka kwa tamaa. Lilikuwa sanduku kubwa lenye taa za buluu na nyekundu, zikiwaka na kuzima kwa kila mdundo. "Hii ndiyo yenyewe!"

"Mwanangu, mimi nanunua sauti. Disko utanunua wewe, uweke bafuni kwako."

Binti wa dukani akainama kuficha kicheko, kisha akachukua flashi aliyopewa na kuichomeka. Humo mlikuwa na nyimbo za bendi ya Nyuzi Nne, ambazo mkwe alizihamisha kutoka kwenye kaseti chakavu. Sanduku la taa likaunguruma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Zima, zima!" Mama Pindo akapaza sauti. "Noti ya kwanza haijaondoka, ya pili ishaikalia juu. Mume wangu hakupiga hivyo. Yeye akibonyeza ni moja, akiachia ni moja."

"Kumbe mama unajua unachotaka," binti akasema, na kuanzia hapo akaacha kumwonyesha yale makubwa. Akavuta sabufa ndogo iliyofunikwa mbao nyeusi, isiyo na pambo lolote, spika yake imetazama chini. Mama Pindo akavua viatu. Akasimama peku kando yake, katikati ya duka, wateja wengine wakimkodolea macho. Wimbo ukaanza. Noti zikapanda miguuni moja moja, kila moja na mwisho wake, na Mama Pindo akaigusa sabufa kwa kidole.

"Hii," akasema.

"Haya, mama. Lakini mkifika msiisukumie tu kwenye kona. Iwekeni kwanza juu ya kiti chake huyo atakayesikiliza, muiwashe, halafu ninyi mtambae sakafuni. Pale mtakapoisikia besi imetulia, haijazidi wala haijapotea, ndipo mahali pake."

"Tutambae?" mkwe akauliza.

"Kama watoto."

Toba! Mkwe atambae mbele ya mama mkwe wake! Njia nzima ya kurudi kijana wa watu alikuwa anajikohoza. "Mama, nitatambaa mimi. Wewe utakaa tu."

"Wewe masikio yako yamezoea mabomba. Tutatambaa wote, na kila mtu atazame ukuta wake."

Nyuzi Nne alikuwa ameenda kwa kinyozi, wakaona ndiyo nafasi. Wakaipakata sabufa mpaka kwenye kiti chake, wakaiunga na redio, wakachomeka ile flashi ya nyimbo, wakawasha. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya mbao, imepigwa nta miaka nenda miaka rudi. Mama Pindo akafunga kanga vizuri, akapiga magoti, magoti yakalalamika, akayaambia yanyamaze. Mkwe akaanzia upande wa pili, amempa mgongo kwa adabu, kichwa karibu kinaingia chini ya meza.

"Hapa inavuma mno, Mama."

"Sogea. Huku kwangu imepotea kabisa, kama haipo."

"Aa! Nimejigonga."

"Pole. Sogea tena."

Basi wakawa wanaendelea hivyo, na mlango ukafunguka. Nyuzi Nne akasimama kizingitini, kichwa kimenyolewa upya, akawatazama: mkewe na mkwewe chini, kila mmoja na ukuta wake, wanatambaa.

Sasa ni lazima ujue kwamba nyumba ya fundi cherehani ina sheria zake. Katika nyumba hiyo sindano ikianguka, hakuna kutembea. Kila mtu chini, awe mgeni, awe mgonjwa, na viganja vinapangusa sakafu polepole mpaka ipatikane. Binti yao alijifunza kutambaa akitafuta sindano, walikuwa wakitania hivyo. Kwa hiyo mzee hakuuliza. Sabufa kwenye kiti hata hakuiona. Alichoona ni kwamba sindano imeanguka. Akaegemeza fimbo ukutani, akashuka taratibu, goti moja kisha la pili, akalaza viganja kwenye mbao na kuanza kupangusa.

Mkwe akataka kunyanyuka amweleze. Mama Pindo akamfinyia jicho: tulia hapo hapo.

Mzee akapita kando ya cherehani. Akapita chini ya dirisha. Alipofika usawa wa mlango wa chumbani, mkono wake wa kulia ukasimama. Akauinua, akautazama, akaurudisha. Akaweka na wa kushoto. Akakaa hivyo, ameinama, hapumui, na mkewe pia hapumui. Halafu vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kusogea. Vilibonyeza ubao, vikaachia, vikateleza, vikabonyeza tena. Mwanzoni vilikuwa nyuma ya wimbo. Vikaukuta. Muda si mrefu vikawa mbele yake, vinafika kabla besi haijafika, kwa sababu vilijua inakokwenda.

"Huyu ni mimi," Nyuzi Nne akasema kwa sauti kubwa sana, sauti ya mtu aliyeiacha siku nyingi na hajui tena kipimo chake. "Huyu anayepiga ni mimi!"

Mkwe akasimama ghafla, akasema anakwenda kuangalia bomba la jikoni. Bomba la jikoni lilikuwa zima. Huko jikoni alisikika akipenga kamasi.

Mama Pindo akatambaa mpaka kwa mumewe. Akamwonyesha kiti, akamwonyesha sabufa, akajionyesha mwenyewe kifuani. Mzee akaelewa. Machozi yakamtoka bila kujizuia, yakadondoka kwenye nta.

"Umeninunulia besi."

Akaitikia kwa kichwa, naye analia, maana kwa nini asilie.

"Ahsante, mke wangu. Mungu akulipe." Akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Lakini nikwambie kweli. Besi hata isipopigwa ninayo, haijanitoka. Ninachokikosa humu ndani ni wewe. Ulikuwa unagomba tangu asubuhi. Unagombeza maji, unagombeza uzi, unanigombeza mimi. Nilipoacha kukusikia nikasema si kitu, namwona mdomo. Siku moja nikatazama, hata mdomo haufunguki. Nikajua umenichoka."

"Nikuchoke mimi?" Mama Pindo akapiga kelele. "Nikuchoke?"

Hakusikia. Lakini aliuona mdomo, na akatabasamu. Akasogea hadi kwenye kiti, akapapasa nyuma ya sabufa mpaka akaipata swichi, akazima. Akarudi, akakaa sakafuni karibu na mkewe, akamwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega, akakikandamiza vizuri.

"Haya," akasema. "Gomba."

Mama Pindo akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akapiga moyo konde. "Wewe mwanamume wewe! Kinyozi gani huyo amekuachia kichaka nyuma ya sikio, na wewe ukamwambia ahsante? Na viatu hivyo, nani kakwambia uingie navyo ndani kwangu? Mtu mzima! Nikuchoke, nimechoka wapi, nilichoka lini? Kichwa chako kigumu kama..."

"Ngoja," Nyuzi Nne akasema, amefumba macho, kiganja hakijabanduka. "Hapo katikati imenipita. Rudia."

Akarudia.