Sweta Katika Safu ya Daktari

Katika safu yake, Daktari Tollefson hakutaja jina la Kaylin. Alimwita "mama mmoja kijana", akamgeuza mtoto wa kiume kuwa wa kike, akamwongezea miezi miwili. Sweta aliliacha lilivyo. Aliandika gazetini kuwa mtoto alivaa sweta la buluu lenye mstari wa kahawia kifuani, uliofumwa kama mifupa ya samaki. "Yupo anayempenda mtoto huyu," aliandika, "ingawa mama yake ameniambia kuna siku hatamani hata kumgusa."

Sweta hilo nililifuma mimi, na uzi ule wa kahawia niliupata kwa kufumua sweta la marehemu mume wangu. Wanawake wa Jumanne, tunaofuma pamoja kwenye chumba cha chini cha kanisa, ndio walionishikia nilipokuwa nikiuzungusha. Kwa hiyo Verna alipotusomea safu ya daktari, kama afanyavyo kila gazeti likitoka, alikatiza katikati ya sentensi.

"Endelea basi," alisema Lorraine, ambaye masikio yake yamechoka. "Huyo asiyetaka kumgusa mtoto ni nani?"

"Nyamaza, Lorraine," Verna alimwambia.

"Ninyamaze nini? Si sweta la huyu Ardis hilo? Hata kipofu angelipapasa akalijua."

Kaylin ni mke wa mjukuu wangu, ambaye yuko kwenye meli za kubeba madini ziwani mpaka barafu ya majira ya baridi ifunge njia. Nilipofika kwake jioni hiyo, alikuwa ameshapigiwa simu na watu watatu kumpa pole.

"Bibi, nilimwambia yeye peke yake," alisema. "Hata wewe sikukuambia. Sirudi kule kliniki."

Emmett, mtoto wake, alikuwa na miezi sita na uzito wa ratili kumi na tatu tu, mdogo kuliko umri wake. Kila Ijumaa alitakiwa kupimwa. Na mama yake ndiye aliyenitia hofu zaidi, maana siku hizo alikuwa akikaa na nguo ya kulalia mpaka mchana, chupa ya maziwa inapoa mezani mtoto analia.

Asubuhi nikaenda kwa daktari. Alinipokea huku anafuma soksi. Hufuma hata akisikiliza wagonjwa. Ameshaandika kwamba sindano za kufumia humsaidia kusikia vizuri.

"Bi Ardis, nilibadilisha kila kitu," alisema.

"Ukabakiza sweta."

"Lilikuwa zuri mno." Akatabasamu, kana kwamba nimekwenda kupokea sifa.

Ukutani alikuwa ametundika safu zake ndani ya fremu. Ile ya binti yake aliyekuwa akikojoa kitandani mpaka miaka tisa ilikuwa mbele ya macho yangu. Sasa binti huyo ana kumi na tano, anabeba sahani yake akale chumbani peke yake, na hilo nalo daktari, mama yake, ameliandika.

"Zinawasaidia akina mama wengine," alisema. "Hii imeniletea barua kumi na moja."

"Za Kaylin ngapi?"

Sindano zikasimama.

"Njoo Ijumaa kwa Kaylin na mizani," nikamwambia. "Umwombe radhi. Na hilo usiliandike."

Alianza kuhesabu mishono.

Ijumaa alikuja. Emmett alikuwa ameongeza nusu ratili, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Daktari akaomba radhi kwa maneno mazuri, yaliyonyooka, kama yaliyokwisha pitiwa na mhariri. Kisha akafungua faili.

"Na wewe, Kaylin, hali ya moyo?"

"Nzuri."

"Unalala?"

"Nalala vizuri."

"Ukimbeba mtoto unajisikiaje?"

"Raha tu."

Alikuwa amevaa vizuri na kuchana nywele. Alitabasamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kwake, chumba cha pili, nikamsikia akitembea sebuleni mpaka kulipopambazuka. Daktari aliandika "raha", nikaiona kalamu inavyopita, akafunga faili kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nilitamani kutema mate kwenye zulia. Nilijaribu kumwombea na maneno yakakataa kutoka.

Gari lake lilipoondoka, tabasamu la Kaylin likaondoka nalo.

"Bibi, akikuuliza, nawe sema hivyo hivyo."

"Hataniuliza akapata kitu. Nipe mtoto ukalale."

Alinitazama kana kwamba mimi pia nina faili la kuandikia. Nikakaa nimenyoosha mikono. Kaylin hakunipa mtoto.