Gunia Lenye Harufu ya Moshi

Mume wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Mvua iliponyesha siku nne mfululizo na kahawa yetu bado ina unyevu kwenye vichanja, hakuniuliza. Mimi nilikuwa kwa binti yetu mwenye mimba ya miezi minane, namkanda miguu iliyovimba. Yeye akaihamishia kahawa jikoni, akaitandaza darini, akakoka moto chini yake. Ikakauka vizuri sana. Akaitia guniani, akaipeleka ghala la chama, akarudi kifua mbele.

Niliporudi nyumbani nikakuta punje mbili tatu zimedondoka kando ya mafiga. Nikaokota moja, nikanusa. Ilinuka moshi. Kahawa hunyonya harufu kuliko nguo, na gunia moja la moshi likichanganywa na mengine, shehena yote imekwisha. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wakwe.

Msinione mkali bure. Zamani tulikuwa tunawauzia walanguzi. Wanakuja na mizani yao na bei yao, na ulete kahawa safi au takataka, kwao ni yale yale. Basi na sisi tukawapa takataka, hata vijiwe tulitia. Siku hizi chama chetu kina mnunuzi wa ng'ambo tunayekubaliana naye bei kabla ya kuchuma. Juu ya bei hiyo anaongeza fungu la jamii, na wanachama wenyewe ndio tunaopiga kura liende wapi. Tulilipeleka zahanati. Ndilo linalomlipa mkunga. Shehena ikikataliwa, mkunga anaondoka. Alishaniambia ana nafasi kwingine, anangoja tu kusikia kutoka kwetu. Na binti yangu mimba yake ya kwanza ilimtoka barabarani, tukielekea hospitali ya mbali, nusura nimzike na yeye. Sitaki kuiona barabara ile tena.

Asubuhi nilifika ghalani kabla hata halijafunguliwa. Karani wa ghala ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na hapitishi siku bila kunitania. Njiani nilikuwa nimejishauri nikae kimya, maana nani angejua? Lakini kahawa ile si ya mlanguzi tena, ni yetu. Nikamweleza yote, na kwamba wakitaka kutufukuza chamani watufukuze.

Hakutania. Aliniambia kuchanganya kulianza jana, akanivuta mkono hadi nyuma ya mlango. Gunia letu lilikuwa pale na namba yetu ya uanachama ubavuni, halijafunguliwa. Pembeni yake yalikuwa mengine matatu.

"Nililinusa lilipofika, shemeji," akasema. "Yote manne nimeyaweka kando. Nilikuwa nangoja kuona nani atakuja kusema mwenyewe. Ni wewe peke yako uliyekuja."

Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja, kwa usingizi alioninyima. Lakini roho haikutulia, kwani huenda lilikuwepo la tano lililompita. Nikakaa mlangoni mwa chumba cha mwonjaji, msichana wa jirani aliyesomeshwa kwa fungu lile lile. Alipanga vikombe vitano vya shehena iliyochanganywa, akafyonza kijiko cha kwanza kwa kelele, akatema kwenye ndoo. Cha pili. Cha tatu akakirudia, nami nikashika ukuta. Akamaliza, akaandika, akanitazama.

"Haina moshi, mama. Ni safi. Waambie wapakie."

Nililia mbele ya wapakiaji wote, wala sikuona haya. Yale manne yaliuzwa kwa bei ya chini huko huko sokoni, na mkutano uliofuata mume wangu alisimama mwenyewe, akakiri, akaomba tununue nailoni ya kuezekea vichanja. Wenye yale magunia mengine matatu wakainua mikono kumuunga mkono, vichwa chini. Hoja ikapita bila ubishi.

Ila siku ile lori lilipoondoka nilikwenda moja kwa moja zahanati. Mkunga alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia kahawa imepita. Aliweka shuka chini, akakaa kitandani, akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Kesho mlete binti yako nimpime."