Misumari Mdomoni

Fundi makochi hufanya kazi na misumari mdomoni, ile midogo ya kubania kitambaa. Unaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, mkono huu umevuta kitambaa, ule umeshika nyundo. Aliyewahi kuifanya kazi hii anajua hakuna njia ya haraka zaidi. Mimi nina sababu yangu nyingine. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi habari za asubuhi, wala haambiwi mbona amenuna. Mteja akiingia namwonyesha kochi lake kwa kidevu, analikagua, anakwenda zake. Wanaosema nina kiburi waseme. Makochi yao hayalegei.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yangu. Ukipenya kati ya makochi yaliyopinduliwa matumbo juu unafika kwenye pazia, na nyuma ya pazia tunaishi mimi na binti yangu. Dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyempa mtoto jina la Chiriku, kwa utani, maana alifika umri wa kwenda shule hana maneno hata ya kujaza kiganja. Mama yake alikuwa ameshaondoka. Alisema kuishi na mimi ni sawa na kuishi na kabati. Siku ile aliniuliza kama nataka abaki au aende, na nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia alipomaliza kufunga mizigo. Mimi nikiulizwa jambo zito, jibu hunijia mwenye kuuliza ameshaondoka.

Mwaka huu mwalimu wa Chiriku, anayefundisha darasa dogo la watoto wenye usonji, alimpa kitabu aje nacho nyumbani. Kila ukurasa una sura ya mtu, na chini yake swali: huyu anahisi nini? Jibu liko nyuma ya ukurasa. Kwenye jalada la mwisho kuna mfuko wa karatasi wenye kadi, za kumsaidia mtoto maneno yanapomkwama. Nimechoka. Kelele zimezidi. Usiniguse. Kaa na mimi. Mwalimu alinieleza kwamba mtoto asilazimishwe kuyatamka. Akikupa kadi, ameshasema.

Jioni nikishafunga karakana tulikaa sakafuni tukasoma. Ukurasa wa kwanza una mwanamke aliyebana midomo. Nikasema amekasirika. Chiriku akageuza ukurasa: anaogopa. Wa pili una mzee aliyeinamisha macho. Nikasema ana usingizi. Kumbe ana huzuni. Mtoto alizipata karibu zote, mimi nikampata yule aliyekuwa akilia waziwazi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, Chiriku akasubiri nimalize, kisha akaendelea.

Kesho yake, yeye akiwa shule, nilizisoma kurasa za mwisho zilizoandikwa kwa ajili ya wazazi. Zilisema huenda mtoto wako anaumizwa na mshono wa nguo ambao wewe huusikii. Huenda mazungumzo ya watu wengi yanamchosha kuliko kubeba mzigo. Huenda anataka kila kitu kikae mahali pake. Nilikuwa nimevaa fulana nje ndani, kama ninavyozivaa tangu utotoni. Nilisoma kama mtu anayesoma habari zake mwenyewe zilizoandikwa na mtu asiyemjua. Miaka yote hiyo nilidhani kila mtu anaumia hivi, ila wenzangu wamejaliwa kujikaza. Nilichapwa kwa sababu hiyo, nikachekwa, nikaachwa, na hakuna aliyewahi kunipa hata karatasi moja ya kunieleza. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kushika nyundo. Nilitaka sana kumwambia mtu. Nikatazama huku na huku, na mle ndani mlikuwa na makochi tu, yote ya wenyewe.

Sasa kuhusu zile kadi. Shuleni Chiriku alizitumia vizuri, hata ile ya Kelele zimezidi ilikuwa imechakaa pembe. Nyumbani hakunipa hata moja, nami sikushangaa. Kuna jambo moja tu lililoniudhi. Asubuhi nikifungua kopo la misumari nilikuta kadi imo ndani, ile ya Kaa na mimi, imelala juu ya misumari. Mimi si mtu wa kuvumilia kitu kuwekwa pasipo pake. Sponji ina pembe yake, gundi ina rafu yake, na kadi ina mfuko wake. Niliifuta vumbi nikairudisha kwenye kitabu. Asubuhi nyingine imo tena. Nililihamishia kopo rafu ya juu, nikakuta kigoda kimesogezwa na kadi imo. Nikamweleza kwa upole kwamba kopo si la kuchezea, misumari itamchoma. Asubuhi iliyofuata imo tena. Nami nikaendelea kuirudisha.

Kisha dada akahamishwa kikazi, hospitali ya mji mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa akija jioni kutupikia, na kuongea kwa niaba ya nyumba nzima. Alituuliza, akatujibia, akatucheka. Sasa alisema ataondoka na Chiriku. Huko kuna shule nzuri, na nyumba aliyopewa ina chumba cha ziada. Alisema kwa wema, najua. Alisema mtoto asiyeongea hawezi kulelewa na baba asiyeongea, kwamba siku moja mteja atatudhani makochi, atuchagulie kitambaa sisi wenyewe. Akaniuliza naonaje. Sikutaka. Mwili mzima haukutaka. Nilianza kutafuta neno, na kabla sijalipata akasema haya, basi tumekubaliana.

Nilichoweza kufanya ni kumshonea mtoto begi la kitambaa cha kochi, mishono yote kwa nje isimchome. Dada alipoliona alifurahi, akasema ona, hata baba yake ameshajiandaa. Sikuwa nimejiandaa. Mikono yangu hufanya kazi nikiwa na hofu, basi.

Asubuhi ya safari dada alikuja na teksi, ikabaki inanguruma nje. Nilikuwa nabana mgongo wa kochi la mteja kwa misumari iliyobaki ya jana mfukoni mwa aproni, kopo sikuwa nimeligusa. Chiriku alisimama kwenye pazia, begi mgongoni, kitabu kifuani. Dada alimshika mkono akafika naye hadi mlangoni, halafu akasimama, akageuka kunitazama. Midomo ameibana. Ningeapa amekasirika, kisha nikakumbuka ukurasa wa kwanza. Dada yangu alikuwa anaogopa.

"Mdogo wangu," alisema, "nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nimchukue au nisimchukue? Sema kitu, hata kama ni tusi."

Niliitema misumari kiganjani. Mdomo ukawa mtupu na neno halikuja. Dereva akapiga honi. Nikaiona siku ile ya mama yake inajirudia vilevile, mlango uleule, mizigo ileile, na mimi nimesimama kama kabati. Ndipo nikazikumbuka kadi. Nilipiga magoti mbele ya Chiriku, nikanyoosha mkono, akanipa kitabu. Nikapekua mfuko wa jalada. Nimechoka ilikuwemo. Kelele zimezidi ilikuwemo. Usiniguse ilikuwemo. Niliyoitaka haikuwemo, na nilijua iko wapi.

Nikainuka kwenda kwenye rafu. Si mbali, lakini kabla sijafika nilisimama, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Mtoto hakuwa akichezea kopo. Alikuwa ameichunguza nyumba yote akaona kitu ambacho baba yake hakosi kukifungua asubuhi, akayaweka maneno yake humo. Nami niliyasoma, nikayafuta vumbi, nikamrudishia. Kaa na mimi, aliniambia. Nikamjibu chukua, hapa si mahali pake. Akaniambia tena, akapanda hata kigoda kuniambia, nami nikamkanya asije akachomwa na misumari.

Kadi ilikuwemo. Nilirudi nayo, na sikumpa dada. Nilimpa Chiriku.

Aliipokea, akaigeuza pande zote mbili kuhakikisha ni ileile. Kisha akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa kitabu, akafunga jalada, akavua begi. Akaja kuketi juu ya kipande cha sponji, kando ya nyundo yangu.

Dada alisema, "Kumbe," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, halafu akalia palepale mlangoni. Safari hii sikuhitaji kugeuza ukurasa. Nilimshika bega, jambo nisilolizoea, naye akauacha mkono wangu hapo mpaka dereva alipopiga honi tena. Akaondoka peke yake.

Jioni hiyo nilipika mimi, na chakula kiliungua. Tulikula bila mtu wa kutuuliza kitu wala kutujibia, na nilisikia pengo la dada kila pembe ya nyumba. Niliiogopa kesho. Chiriku alikwangua sahani yake yote, akaacha vipande vilivyoungua tu.

Asubuhi nilishusha kopo nikalifungua. Mlikuwa na misumari tu. Nikamsikia Chiriku nyuma ya pazia akihangaika na viatu vyake. Nikachota misumari kidogo, nikaishika mkononi badala ya kuitia mdomoni. Kazi inakwenda polepole zaidi namna hiyo.