Vitabu Sita Ambavyo Sikuvifungua

Sanduku la vitabu vya baba lilibebwa na mama yangu, kichwani, siku sita kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na mimi nilitangulia mbele mikono mitupu, nikikariri vita. Kila tulipovuka mto alilishika kwa mikono miwili, maji yakimfika kifuani, na halikulowa hata mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na kanzu nyeupe, na kichwani mwangu majeshi mawili yalikuwa yanapambana. Mtu wa namna hiyo hageuki nyuma kumtazama mwanamke aliye mtoni.

Tulikuwa tumeitwa. Baba yangu, Ramazani, alifia Kabambare mwaka ule wa ndui, na mdogo wake, Alimasi, alituma mtu kutuambia twende tukagawane alichoacha, tena tuje na kila kitu kilichomo katika nyumba ya Kasongo. Kila kitu, alisema. Nilidhani anataja mikeka na vyungu.

Mama aliitwa Waridi. Jina hilo si la kwao, alipewa na baba siku alipoletwa, msichana bado, kutoka Ubangubangu. Hakuolewa. Alikuwa suria, mtumwa wa nyumbani anayelala na bwana wake, na kwa huyo bwana alizaa mtoto mmoja tu, mimi Faradji. Baba alinikubali mbele ya watu, akanitahiri, akanipeleka chuoni. Mimi muungwana, mama mtumwa, na chakula tunakula chungu kimoja. Siku zile sikuona ajabu yoyote hapo.

Kasongo nilikuwa na jina. Baada ya alasiri watu walijaa barazani kwetu, wenye bunduki na wenye mashamba, nami niliwasomea tenzi za vita kwa sauti ambayo, wacha nijisifu, hakuna aliyenifikia mpaka Nyangwe. Farasi wakikimbia, panga zikilia, shujaa mmoja akiwakata mia. Mimi mwenyewe farasi sijapata kumwona, na sidhani kama nitamwona. Mama alisikiliza nyuma ya ua wa matete, mchi mkononi, na shujaa alipozingirwa aliacha kutwanga.

Vitabu vya baba vilikuwa tisa. Vitatu ni vya vita, na hivyo nilivisoma mpaka uzi ukalegea. Sita vilivyobaki sikuvifungua. Kulikuwa na cha dawa, cha nyota, cha dua, viwili ambavyo hata leo naona haya kusema sikujua ni vya nini, na kimoja kinene cha ngozi nyekundu, kitabu cha sheria: udhu, ndoa, talaka, mirathi. Hicho baba alikaa nacho miaka, akiandika tafsiri ya Kiswahili pembeni mwa Kiarabu. Nilimwona anaandika, nikapita zangu.

Mwalimu Kassimu, aliyenifundisha herufi, alichoka na mimi.

"Faradji, wewe unakula nyama tu," alisema siku moja. "Mboga utaanza lini?"

"Mboga ni ya wagonjwa, mwalimu."

Baraza lote likacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akachukua bakora yake, akaenda zake. Ndui ilimwondoa mwezi mmoja kabla ya kumwondoa baba, naye ndiye mtu pekee pande zile aliyeijua sheria sawasawa. Wengine wote tulikuwa watu wa safari. Siku hizi nasoma chochote: dawa ya macho, hesabu ya nyota, barua za watu, hata makaratasi ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, nikipata wa kunieleza. Watu husema Faradji ana elimu. Wacha waseme.

Basi tukafika Kabambare. Asubuhi wanaume sita walikaa barazani kwa baba mdogo Alimasi, wote marafiki wa marehemu, na mali ikagawanywa kwa desturi tu, bila kitabu: bunduki huku, pembe kule, nguo, mbuzi. Mzee mmoja alisema vitabu apewe Faradji, ndiye msomaji. Baba mdogo alikawia kidogo kujibu. "Haya," akasema, "apewe." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyogawia mbuzi, "Na Waridi yumo katika urithi. Fungu langu. Atakwenda na msafara wa Ujiji kesho asubuhi, wameshakubaliana na mimi." Halafu akanigeukia. "Kama kuna mwenye neno la kitabu, na alilete kabla ya alasiri. Mimi si mdhalimu."

Nilikwenda uani. Mama alikuwa amekwisha kusikia, maana ukuta ulikuwa wa matete tu. Amekaa chini kando ya sanduku, kiganja chake juu ya kifuniko. Hakulia. Alizungumza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mutoto wangu. Hivi vitabu vyote, hamuna fasi inataja mambo ya mutu kama mimi?"

Ningeweza kusema sijui. Neno dogo, halimuumizi mtu. Ningeweza kusema ngoja nitazame, na kulikuwa na muda wa kutosha kutoka pale mpaka alasiri, na sanduku lipo pale, na ufunguo ninao mimi. Lakini mimi ndiye msomaji wa Kasongo! Nilijibu bila kuinama.

"Hamna, mama. Ningekuwa nimekwisha kuona."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Mtu asiyejua herufi humwamini anayezijua, atafanya nini tena? Akaondoa mkono wake juu ya sanduku.

Nami nilikuwa na jawabu langu tayari, lile nililofundishwa na vitabu vitatu. Nilichukua upanga wa baba, nikatoka nao barazani kabla ya adhana, nikasimama katikati yao na kusema maneno ambayo hata sasa nayakumbuka yote na siwezi kuyarudia kwa aibu. Niliapa. Nilitaja damu. Nilimwita baba yangu mdogo atoke uwanjani tupigane, mmoja kwa mmoja, mbele ya mashahidi. Sauti yangu ilikuwa nzuri sana.

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Mmoja alipiga makofi, akasema, "Ebo! Huyu ni Ramazani mtupu!" Baba mdogo alisimama, akanikaribia taratibu, akautoa upanga mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaniuliza, "Ndilo neno lako?" Nikasema ndilo. "Hakuna jingine?" Nikasema hakuna.

Akaurudisha upanga alani mwake, na adhana ikasikika.

Asubuhi walimfunga pamoja na wengine, si kwa ukali, maana hakushindana nao. Nilimfuata mpaka mwisho wa mashamba ya mihogo. Hapo mwenye msafara aliniambia inatosha. Mama aligeuka, kamba shingoni, akanitengeneza kola ya kanzu.

"Jana umesema muzuri," akaniambia. "Nilisikia yote."

Nikarudi Kasongo na wapagazi wawili, mmoja wao amebeba sanduku. Sikusoma tena barazani. Watu walidhani ni msiba wa baba.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, na paa letu lilivuja. Siku jua lilipotoka nilianika vitabu vyote tisa juu ya mkeka uani, kimoja kimoja, nikikifungua kila kimoja katikati ili kurasa zipate hewa, na kile chekundu nilikifungua mahali kilipokuwa kimezoea kufunguka. Ukurasa ule ulikuwa umechakaa kuliko mingine. Pembeni mwake, kwa mkono wa baba, wino mweusi, kulikuwa na jina. Waridi. Chini yake: mama yake Faradji.

Nilipiga magoti kwenye mkeka uliolowa nikasoma tafsiri yake. Haikuwa ndefu. Ilisema suria akimzalia bwana wake mtoto, haruhusiwi kuuzwa, wala kutolewa zawadi, wala kurithiwa. Siku bwana anapokufa, yeye ni huru. Hakuna farasi pale, hakuna upanga. Mistari mitatu, na mtu yeyote angeisoma kabla chungu cha wali hakijaiva.

Nililia mpaka jirani, Amisa, akaja kuuliza nani amekufa.

Safari ya siku sita niliikata kwa siku tatu na nusu. Nilikibeba kitabu kichwani, mimi mwenyewe, nikalala porini, na Kabambare nikafika miguu imevimba, kanzu rangi ya matope. Baba mdogo Alimasi alikuwa barazani anakula karanga. Sikumwamkia. Niliweka kitabu wazi mbele yake, nikaweka kidole pale.

Hakuinama kusoma. Alitazama ukurasa tu, kisha akanitazama mimi, na sikuona hasira usoni mwake wala haya. Niliona mtu aliyechoka kungoja.

"Naujua," alisema. "Baba yako alinisomea hapa hapa nilipokaa."

Kidole sikukiondoa.

"Siku ile, Faradji, kati ya wale wote barazani nilimwogopa mtu mmoja. Ulipokwenda uani nilijua nimekwisha. Wazee wale wasingenikubalia, kitabu kikisomwa. Nilikaa nimekaza macho mlangoni, natazama utakuja na nini mkononi." Akatema ganda la karanga. "Ukaja na upanga. Nikamshukuru Mungu."

Nilimuuliza mama yuko wapi. Akasema msafara ulifika Ujiji, wakaachana pale, wengine wakaenda Unyanyembe, wengine pwani, na zaidi ya hapo hajui, na hilo nadhani alisema kweli. Ndipo akajifuta mikono kwenye shuka, akakifunga kile kitabu polepole asiharibu kurasa, akakibusu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Nikakipokea. Nikasikia mdomo wangu unasema ahsante, baba mdogo.